Dakika Ishirini na Tano za Mama Keki

Saa tatu asubuhi, Mama Keki anaegesha gari kando ya barabara, anazima injini na kutazama saa. Nyuma, viti vimelazwa, na juu ya godoro la mtoto yamepangwa masanduku matatu ya keki ya harusi. Bibi harusi ni mdogo wake wa mwisho. Ukumbi uko mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani.

"Likipoa tunaondoka," anamwambia mumewe. "Ila kiyoyozi nacho kimezimika. Gia zikipoa, krimu inayeyuka. Haya, niambie wewe, nimhurumie nani?"

Gari lenyewe ni la otomatiki, kubwa, limeinuka, la mtumba. Likiwa baridi halina neno. Baada ya dakika ishirini na tano giaboksi hupata moto, na hapo ndipo visa huanza: injini inanguruma, gari halivuti, kisha gia inaingia kwa kishindo na kila kilichomo kinaruka.

Alilinunua miaka miwili iliyopita kwa akiba ya miaka sita. Muuzaji, mtu mpole mwenye maneno matamu, alimruhusu alizungushe mtaani dakika kumi.

"Nikashuka meno yote nje," anasema. "Kumbe nimepigwa changa la macho mchana kweupe!"

Fundi wa kwanza alibadilisha oili. Wa pili, chujio. Wa tatu aliliendesha, akarudi anatikisa kichwa: giaboksi imechoka, itafutwe nyingine. Bei yake, kwa hesabu ya Mama Keki, ni keki mia moja na arobaini.

Tangu hapo hapokei oda ya mbali. Mteja akipiga simu, haulizwi kwanza anataka ladha gani. Anaulizwa, "Uko wapi, mpenzi?" Kwa mtindo huo amezikosa hoteli mbili na shule moja.

"Inaniuma sana," anakiri. "Mikono yangu inaweza, gari ndilo halitaki."

Leo amevunja mwiko kwa ajili ya mdogo wake. Mumewe amejibana nyuma, anayapepea masanduku kwa gazeti.

"Mimi nilioa mke mmoja," anatania. "Huyu wa pili, mwenye giaboksi, alijileta."

Dakika ya kumi na nane ya kusubiri, Mama Keki anafunua sanduku moja. Krimu imeanza kulainika. Anawasha gari.

Wanakwenda vizuri hadi kilima cha mwisho. Injini inanguruma, gari linasita, halafu puu!

"Mama wee!" mume anapiga kelele, amelikumbatia sanduku.

Ukumbini, keki ya chini ina ufa wa urefu wa kidole. Mama Keki anauziba kwa krimu, anapachika ua la sukari juu yake. Bibi harusi anachungulia, nywele bado hazijamalizika.

"Dada, mmefika salama?"

"Salama kabisa."

Akishaondoka, dada mtu anakaa kwenye kiti na kujifuta macho kwa aproni.

Gari ameshalitangaza kuuzwa, na Jumatatu mnunuzi anakuja kuliona. Amesema kwenye simu kwamba ana haraka, dakika kumi zitamtosha.

"Mimi nilipewa kumi," anasema Mama Keki. "Yeye nitampa saa nzima."

"Na akilikataa?" mumewe anauliza.

"Nitaoka keki mia moja na arobaini. Za hapa hapa karibu."