Sufuria ya Hamira

Jumapili, tarehe tisa Machi. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Asubuhi mawingu, upepo hafifu.

Mwoka mikate ambaye wenzake kazini humwita Hamira alitangulia na mishipi, ndoana na kifuko cha kamba wa chambo. Nyuma yake walikuja mkewe, shemeji yake aliyebeba dumu tupu, na mama mkwe na kigoda chake. Bahari ikiwa shwari, familia hii huvua Jumapili kwenye gati la zamani, na samaki huliwa siku hiyohiyo. Mpishi ni Hamira.

Katika upishi wake hatii chumvi. Dumu hujazwa maji ya bahari palepale gatini. Nyumbani huyachanganya na ya bomba, huonja, huongeza, huonja tena mpaka mchuzi ukolee. Hapo hakuna anayeruhusiwa kufunua sufuria, hata mama mkwe, ambaye siku Hamira alipohamia kwao alimwambia kwa upole kwamba akija kuharibu chakula, jiko litarudi kwa wenyewe.

Tangu alipougua homa mwishoni mwa mwaka jana, Hamira hasikii ladha ya chumvi wala ya sukari. Hakumwambia mtu. Kazini hakukuwa na shida, maana kila kitu hupimwa kwa mizani. Nyumbani alitegemea mazoea: kikombe kimoja cha bahari kwa viwili vya bomba. Aliendelea kuonja mbele ya watu, kijiko juu, macho yamefumbwa, naye aliogopa siku ambayo mazoea yangemwangusha.

Siku hiyo walipata changu watano na kolekole mmoja. Kolekole alikuwa wa mama mkwe, na hakuacha mtu asahau hilo njia nzima. Mvua ilikuwa imeshusha tope, maji ya gatini yakawa kama chai ya maziwa. Shemeji alipoyaona hivyo, alikwenda kulijaza dumu kwenye bomba la wauza barafu. Baadaye alieleza kwamba hakuona haja ya kusema, kwa kuwa mwonjaji yupo.

Nyumbani mke alipara samaki, shemeji akakata vitunguu huku akilia na kuchekwa. Hamira alipima vikombe vyake, akachemsha, akaonja, akatangaza kwamba mchuzi umekolea.

Walikaa mezani. Mama mkwe alikunywa kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Mwanangu, hawa samaki umewapika au umewaogesha?"

Shemeji alicheka mpaka akakohoa, akasimulia habari ya bomba. Alimwambia Hamira kwamba leo ulimi wake ulikwenda likizo. Mke hakucheka. Alionja tena, polepole, akamtazama mumewe.

"Si umeonja?"

"Nimeonja."

"Na hukusikia?"

Hamira alikuwa akichambua mwiba ambao haukuwepo.

"Sisikii kitu tangu ile homa."

Mke aliuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba jiko lilikuwa na sharti lake, na mwenye sharti yupo mezani. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Basi, Mama, sufuria ni yako."

Mama mkwe aliagiza chumvi. Alitia bakulini mwake, akakoroga, akaonja, halafu akavuta bakuli la mkwewe na kulitia kiasi kilekile.

"Mimi nilisema ukiharibu," alisema. "Huku si kuharibu, huku ni kuumwa. Na nikiingia jikoni mimi, nani atanipikia?"

Walimaliza kula. Shemeji aliosha vyombo bila kutumwa. Mke alisema kesho watakwenda zahanati. Hamira akasema wataona, na mke akasema hawataona, watakwenda.

Asubuhi ya Jumatatu kulikuwa na jua. Kabla ya zahanati, Hamira alibandika mchuzi uliobaki, akaleta kigoda cha mama mkwe na kukiweka kando ya jiko. Ulipochemka alifunua sufuria, akachota kijiko, akakipuliza, akampa.

"Bado," alisema mama mkwe.

Hamira akaongeza chumvi kidogo, akachota tena.