Siku Mama Alipotetewa Ofisini

Ofisi ya walimu pale Kerege ilinukia chai ya tangawizi na madaftari yaliyolowa mvua za masika. Nilikuwa darasa la tano, na mama yangu, Mwalimu Zuhura, alifundisha hisabati shuleni hapo hapo. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliamua kila kitu peke yake, hata nani akae karibu na dirisha. Asubuhi moja mama alichelewa kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa. Mkuu akamfokea mstarini, mbele yetu sote. Niliinama nikatazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo mama alikuwa akirudi nyumbani na kusahihisha madaftari bila kuinua macho, na mkobani mwake akabeba barua ya kuomba kuacha kazi.

Mkuu huyo alipohamishwa, akaja Mwalimu Anna, mtu wa bara. Kikao cha kwanza aliwauliza walimu nani angependa kusimamia nini. "Sote tulitazama meza," mama alimsimulia bibi. "Anatupima huyo. Tukikosea atatuumbua." Hata hivyo, alipoombwa kupanga ratiba upya alikubali, akaweka hisabati asubuhi, watoto wakiwa hawajachoka.

Muhula huo matokeo ya mtihani wa majaribio yakashuka, akaja mkaguzi. Nilikuwa nimepeleka madaftari ya darasa letu ofisini, nikaganda mlangoni.

"Nani ameivuruga ratiba hii?" mkaguzi aliuliza.

Walimu waliinamisha vichwa. Mama alianza kuinuka. Nilijua barua bado imo mkobani.

Mwalimu Anna alimtangulia. "Tuliipitisha kikaoni, mzee. Ukiandika majina, anza na langu. Ila anayeielewa zaidi ni Mwalimu Zuhura. Naomba umsikilize."

Mama alieleza, kwanza kwa sauti nyembamba, kisha kwa sauti yake ya darasani. Wenzake wakaanza kumuunga mkono, mmoja baada ya mwingine. Mkaguzi aliondoka amenuna, lakini ratiba ikabaki. Matokeo hayakupanda haraka. Kilichobadilika upesi ni mama: jioni ile alimwigiza mkaguzi mbele ya bibi, akacheka mpaka akapaliwa, na ile barua hakuipeleka kokote.

Sasa naongoza shule karibu na Chalinze. Wiki iliyopita mwalimu kijana alipinga uamuzi wangu mbele ya wenzake, akaona nimebadilika uso, akanyamaza. Masikio yalinichoma, ulimi ulitaka kufoka. Utotoni niliiona hofu ya mama tu. Ya Mwalimu Anna, aliyeificha akampa mama nafasi ya kusema, sikuiona. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Endelea, mwalimu," nikamwambia.