Kibao Nilichokuja Nacho

Nilishuka kwenye treni Kigoma, nikitokea kwetu Kenya, nikiwa na sanduku moja, cheti cha chuo na kibao. Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Shuleni nilikosomea, mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni mpaka apatikane mkosaji mwingine. Mimi nilikivaa sana, nikalia sana, na nikaamini kwamba ndicho kilichonifundisha Kiingereza.

Nilipewa kazi ya usaidizi wa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kuugua kila mara, kwa hiyo mzigo wote ukaniangukia. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Wanafunzi walilima mihogo ya shule asubuhi, kisha wakaingia darasani na udongo kwenye kucha, wakisinzia. Mkuu wa shule alipokiona kibao changu aliniambia kwa upole, "Mwalimu, huku hayo tumeyaacha. Sisi Kiswahili ndicho kilichotuunganisha." Nikaitikia, ndiyo mzee. Moyoni nikamcheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nimekuja kuwaokoa watu. Loo, ujinga ule!

Nilipanga chumba Buzebazeba, kwa mama mjane ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwa akianika dagaa na kuwauza soko la Mwanga. Mikono yake ilinuka dagaa hata siku ya Idi, na mwenyewe alisema harufu hiyo itaingia naye kaburini. Alikuwa na binti mmoja tu, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. "Huyu asianike dagaa," aliniambia siku ya kwanza, kabla hata sijakaa. "Huyu awe mwalimu kama wewe. Nakukabidhi." Nikajibu niachie mimi. Mdomo wangu ule!

Darasani nilikuwa na mtego wangu. Katikati ya somo namgeukia mtu ghafla, namuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti tamu kabisa, "Eti, leo mmekula nini nyumbani?" Akijibu kwa Kiswahili, kibao shingoni. Wenzake wanacheka, mimi nacheka zaidi. Binti wa mama mwenye nyumba alinaswa mara moja tu. Alirudi nacho nyumbani, mama yake akakiona, akauliza ni kitu gani. Binti akasema ni cha masomo. Tangu siku ile sikumnasa tena ng'o. Umuulize kwa Kiswahili mara kumi, atakujibu Kiingereza mara kumi, macho yamemtoka, na mimi najivuna kwa walimu wenzangu.

Ukafika wakati wa usaili wa chuo cha ualimu. Kamati ilikaa maktaba: mkuu wa shule, maofisa wawili, na mwenyekiti wao, mzee wa chama. Kazi yangu ilikuwa kuwaita wanafunzi mmoja mmoja kisha kukaa nyuma, karibu na mlango. Binti aliingia na sketi aliyoipiga pasi mara mbili. Asubuhi ile nilikuwa nimemshika mabega nikamwambia, "Leo ni Kiingereza mwanzo mwisho. Waoneshe."

Mwenyekiti akamuuliza, "Haya ndugu, ukishakuwa mwalimu, utawafanyia nini wananchi?"

Akajibu kwa Kiingereza. Na alijibu vizuri jamani, mpaka leo nayakumbuka maneno yake. Alisema angewafundisha kusoma akina mama wanaoanika dagaa, ili mtu asiwapunje sokoni. Mwenyekiti akamkatiza. "Ndugu, nimekuuliza kwa Kiswahili."

Binti akageuka akanitazama.

Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Aliniuliza kwa macho kama huu nao ni mtego, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Usijibu Kiswahili. Kwa nini nilifanya vile? Kiburi tu, sina jingine. Nilitaka wale wazee wakisikie Kiingereza nilichokitengeneza mimi. Akageuka, akaendelea kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu zaidi.

"Basi," mwenyekiti akasema, akafunga faili. "Huyu ana kasumba. Tunatafuta mwalimu wa wananchi, hatutafuti mzungu mweusi."

Mkuu wa shule alinitazama. Nilitakiwa kusimama pale pale niseme, mzee, kosa ni langu, nimemfundisha hivyo mimi. Sentensi moja tu, tena kwa Kiswahili! Lakini nilikuwa mgeni, kibali changu cha kazi kilikuwa mezani kwa watu kama wale wale. Nikaufyata. Nikafungua mlango nikamwita mwingine.

Majibu yalipobandikwa jina lake halikuwemo. Siku ya tatu mchana nilirudi kula, ugali na samaki wa migebuka viko mkekani, mama amekaa mbele yangu na khanga yake ya sokoni. "Mwalimu," akasema, "nasikia ulikuwamo humo ndani. Mwanangu alikosea nini?"

Binti alikuwa mlangoni na birika na beseni, anakuja kuninawisha kama kila siku. Alisikia nilichomjibu mama. Najua alinisikia.

"Alibabaika kidogo, mama," nikasema.

Mama akamgeukia bintiye. "Ulibabaika? Miaka yote hii, mimi nachomeka juani, wewe unakwenda kubabaika?"

Nilingoja aseme. Nawaapia nilitaka aseme, maana mimi singeweza. Lakini nani kule angembishia mwalimu wake mbele ya mzazi?

"Nilibabaika, mama," akasema. "Nisamehe."

Kesho yake alikwenda kuanika dagaa na mama yake, na kesho kutwa, na miaka yote iliyofuata, kwa habari nilizopata. Kibao nilikitupa ziwani, kikanirudia na mawimbi, nikakitupa tena. Nimezeeka sasa na hakuna siku iliyonipunguzia aibu ile.

Lakini mchana ule binti alipiga magoti mbele yangu, akaweka beseni, akainamisha birika. Nikanyoosha mikono, akaninawisha, nami nikala.