Masikio na Fomu ya Leseni

Masikio alikuwa na kanuni moja: hakubali masharti asiyoyasoma hadi mwisho, na siku ya kuyatumia huyasoma tena. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwani tangu utotoni alijua nani ameingia nyumbani kwa kusikia bawaba za mlango tu. Ukubwani masikio yale yakawa kazi. Katika chumba cha nyuma ya karakana ya mama, yeye na binamu yake walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta unaochezwa macho yamefumbwa: mchezaji anamtafuta mbuzi aliyepotea sokoni kwa kuifuata kengele yake. Binamu ndiye aliyeuandika mchezo. Nyayo, kelele za wachuuzi na mvua juu ya bati alizirekodi Masikio kwa maikrofoni yake.

Sauti zote ziliendeshwa na programu ya kampuni ya mbali, ambayo wengi husema ni ya bure. Watu wakiliona neno hilo huacha kusoma papo hapo, na uvivu huo huzaa makosa mengi ambayo baadaye huitwa bahati mbaya.

Siku nne kabla ya mchezo kutoka, Masikio aliyafungua masharti ya leseni, kalamu mkononi.

Binamu akacheka. "Dada, si uliyasoma mwaka jana? Au unataka uhakimu?"

"Mwaka jana hatukuwa na mfadhili."

"Kwani mfadhili anahusikaje? Hatujauza hata nakala moja. Ada itoke wapi?"

"Hapo ndipo tulipojidanganya. Hawaangalii tunachouza, wanaangalia kilichotumika kuutengeneza. Chini ya kiwango hiki, bure. Ukikivuka, unalipa kabla ya kuutoa, na kila mchezo una leseni yake. Fedha za mfadhili zimetuvusha."

Binamu aliguna. Fedha zenyewe zilikwisha kutumika zote, na mfadhili alikwisha sema wazi kwamba mchezo usipotoka Ijumaa, asitafutwe tena. Kuhamia programu nyingine kungekula miezi mitatu.

"Basi fomu si hii hapa? Wanauliza bajeti. Andika ile ya mwaka jana, yaishe. Kampuni kubwa vile, sisi ni sisimizi mgongoni mwa tembo."

"Na kesho mtu akiunakili mchezo wetu akauuza, utamwambia nini? Kwamba na wewe ni sisimizi?"

"Usinigeuzie maneno, dada."

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Wewe kijana," mama akasema bila kuinuka, "mteja akikuletea mita tatu ukamwambia ni mbili, hiyo moja utaivaa wapi wasiione?"

"Shangazi naye! Kumbe nawe una masikio."

"Unadhani yeye aliyatoa wapi?"

Hata binamu alicheka, lakini kicheko hakilipi ada. Masikio hakubishana zaidi. Alijaza bajeti ya kweli, pamoja na posho ya binamu na kompyuta waliyonunua, akaituma. Kisha akaifuta maikrofoni vumbi, akaikunja waya vizuri kama mtu anayeirudisha dukani, akampelekea mpiga video wa mtaa wa pili aliyekuwa akiitamani siku nyingi. Alitaja bei mara moja, hakupunguza. Bei hiyo ndiyo ilikuwa ada, kasoro kidogo. Kasoro hiyo aliifidia binamu, kimyakimya, bila kuombwa.

Alhamisi leseni ilifika. Ijumaa mchezo ukatoka, na nembo ya kampuni ya sauti ikionekana mwanzoni kama masharti yalivyotaka. Mfadhili aliucheza kutwa, akauliza mchezo wa pili utaanza lini.

"Umekwisha anza," Masikio alimjibu.

Kanuni yake ilimgharimu maikrofoni aliyoitumia miaka sita, na miezi saba ya kurekodi kwa simu.