Nafasi Moja ya Gredi ya Nane

Januari ya 2017 binti yangu alikuwa na miaka kumi na tatu na hakuwa na shule. Alikuwa amemaliza gredi ya saba akiwa miongoni mwa wa kwanza darasani, na hapa Johannesburg gredi ya nane ndiyo mlango wa sekondari. Mwaka uliotangulia maombi yalikuwa yamehamishiwa kwenye mtandao. Nilikwenda kwenye duka la kompyuta Braamfontein, nikajaza kila kitu mpaka fomu ikanidai namba ya kitambulisho. Mimi nilikuwa na karatasi ya kuomba ukimbizi, ile inayoongezwa muda kila baada ya miezi michache, na namba yake haikufanana na walichotaka. Mwenye duka akanishauri nijaze sifuri mpaka nafasi ziishe. Nikajaza. Ujumbe wa simu ukaja kunishukuru kwa kuomba, na baada ya hapo kimya.

Kwetu Bukavu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka tisa. Johannesburg nilikuwa fundi wa kupunguza nguo katika duka la Fordsburg: suruali ndefu nazifanya fupi, sketi pana nazibana. Kila Desemba na Januari tulijaa sare za shule. Nilishona mikunjo ya sketi za watoto wa watu huku wa kwangu ameketi chini ya meza ya kukatia akisoma kitabu kile kile cha mwaka jana. Mume wangu alikuwa mlinzi huko Midrand, kwenye makazi ya watu wenye uwezo, na alirudi nyumbani Jumapili tu. Suala la shule lilikuwa langu.

Juma la pili la mwezi ule nikaomba ruhusa dukani, nikaenda ofisi ya wilaya ya elimu.

Foleni ilizunguka jengo. Nilikuwa nimedhani nitawakuta wageni wenzangu tu, lakini wengi walikuwa wenyeji, akina mama waliotoka vitongoji vya mbali na makaratasi yao kwenye mifuko ya plastiki, kila mmoja akitafuta shule nzuri kuliko ile iliyo karibu naye. Ndani, ukutani, palikuwa na ramani ya wilaya nzima. Nilikaa mbele ya ramani ile siku nyingi kiasi kwamba hata leo ningeweza kuichora. Juu, upande wa vilima na miti ya jakaranda, shule zilikuwa chache na zimeachana, na karani aliniambia zile zina viwanja vya nyasi, mabwawa ya kuogelea na walimu wa muziki. Katikati, kwenye maghorofa tunakoishi sisi, vidoti vya shule za serikali vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Chini, kusini, vidoti vilisongamana, shule za watoto hamsini darasani. Wilaya ilikuwa moja. Bosi wake alikuwa mmoja, barua zake zilikuwa na nembo moja. Ila mtoto alizaliwa upande mmoja wa ramani au mwingine, na kazi ya ofisi ile, nionavyo mimi, ilikuwa kuwaeleza wazazi kwa upole kwamba ramani haisogei.

Siku ya pili nilikuwa nimekaribia dirisha. Mbele yangu alikuwa mwanamke wa Kirundi, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, na binti yake mrefu amesimama nyuma yake. Ofisa alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, mtu mtulivu ambaye hakuinua sauti hata mara moja siku zote nilizomwona. Alikuwa akimuuliza yule Mrundi swali lile lile kwa Kiingereza kwa mara ya tatu. Yule mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwa kila kitu, hata alipoulizwa kama mtoto amewahi kufukuzwa shule.

Nikasogea mbele, nikasema kwa Kiingereza changu kwamba hakuelewa, kisha nikamgeukia nikamweleza kwa Kiswahili. Uso wake ukafunguka. Nikatafsiri maswali yote, na ripoti ya shule ya mtoto iliyoandikwa kwa Kifaransa nikaisoma mstari kwa mstari. Mtoto alikuwa hodari wa hesabu kuliko watoto wote niliowahi kuwafundisha.

Ofisa alinitazama. "Sisi," akaniita, kwa lugha yao maana yake dada, "unajua na Kifaransa?"

Nikasema najua, nilikuwa mwalimu. Akaniomba nikae upande wake wa dirisha. Foleni, alisema, ilikuwa na watu wengi wa aina yangu.

Nilikaa upande ule kwa wiki mbili na nusu. Hakuna aliyenilipa na sikuomba. Nilimdanganya mwenye duka la Fordsburg kwamba naumwa mgongo, nikawa nashona jioni kufidia. Sitaki kujifanya kwamba nilikwenda kwa huruma tu. Nilikwenda kwa sababu miaka sita nilikuwa sijaitwa mwalimu, na sasa Wakongo, Warundi na Watanzania walikuwa wakija mbele yangu wakiniita mama mwalimu. Nilipewa kiti. Nilipewa kikombe cha chai asubuhi. Mlinzi wa mlangoni alinipitisha bila kuniuliza karatasi. Na nilikuwa na hesabu yangu kichwani: nikionekana kila siku, mtu atakumbuka kwamba na mimi nina mtoto.

Yule mama wa Kirundi alirudi mara tatu. Alikuwa msusi, anasuka nywele kwenye kibaraza cha jengo karibu na kwetu, na kila alipokuja aliniletea kitu: ndizi, siku nyingine andazi limefungwa kwenye karatasi. Tukiwa tumekaa tukisubiri faili lake aliniambia kwamba binti yake alimfundisha yeye kusoma namba za mabasi. Hakuwa na mtu mwingine hapa. Aliniambia pia kwamba alimshukuru Mungu kwa kuniweka pale dirishani.

Jumatano ya wiki ya pili ofisa alipata nafasi. Ilikuwa katika sekondari ya serikali ambayo mtoto wa maghorofani angeweza kuifikia kwa miguu, shule ya zamani ya matofali mekundu, yenye maabara. Mwanafunzi mmoja alikuwa amehama. Ofisa akachukua faili la binti wa Kirundi, akaliweka juu, akaandika jina la mtoto kwa penseli kwenye orodha. Kilichokosekana kilikuwa hati ya kiapo kutoka polisi kuthibitisha mahali wanapoishi, maana mkataba wa chumba ulikuwa kwa jina la mtu mwingine. Nikamtafsiria: alete hati Jumatatu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ijumaa mchana mkuu wa shule ile alipiga simu. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwenye simu na nilisikia. Anataka jina leo kabla ofisi haijafungwa, asipopata ataijaza mwenyewe. Ofisa akaweka simu, akalifungua faili la juu, akaona pengo la hati, akalifunga. Kisha akanigeukia.

"Wa kwako ana makaratasi yote?"

Yalikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nikitembea nayo tangu siku ya kwanza, na hati ya kiapo pia, kwa sababu mimi nilijua kusoma orodha yao na nilijua wapi pa kwenda.

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema kituo cha polisi kiko mitaa miwili kutoka anaposukia, niende nikamlete, tutarudi na hati kabla ya saa kumi. Ilikuwa saa saba na nusu. Nimeipima njia ile kwa miguu baadaye, zaidi ya mara moja, na najua muda ulitosha. Sikusema. Nilifungua mkoba.

Ofisa alifuta jina la penseli, akaandika la binti yangu kwa kalamu.

Jumatatu yule mama alikuja mapema, hati mkononi imekunjwa ndani ya kitambaa safi. Binti yake alikuwa amesukwa upya. Ofisa akamweleza kwa Kiingereza, kwa upole wake ule ule, kwamba anasikitika, nafasi haipo tena, jina lake litabaki kwenye orodha ya kusubiri. Akanyamaza ili nitafsiri.

Nikatafsiri. Nilitumia Kiswahili changu cha darasani, kile safi kisichokuwa na mtu ndani. Nikasema nafasi imejaa.

Yule mama akaniuliza, hakumwuliza ofisa, akaniuliza mimi: "Imechukuliwa na nani?"

Kazi ya mkalimani ni kupeleka swali. Nilitakiwa kugeuka na kuliuliza kwa Kiingereza, na ofisa, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo, angejibu. Sikugeuka. Nikamjibu mwenyewe.

"Hawasemi, dada."

Akasema asante. Akakunja hati yake tena kwenye kitambaa, akanishukuru kwa kujitahidi, akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Mwanangu alianza shule Jumatano ile. Mwishoni mwa Januari foleni ilikwisha na mlinzi wa mlangoni akaniuliza natafuta nini. Nilimwomba ofisa barua, mistari miwili tu, kwamba nilifanya kazi ya ukalimani pale. Niliamini ingenisaidia kupata kazi yenye kiti. Alivua miwani akasema hawezi kuandika barua hiyo kwa kuwa kwa utaratibu wa ofisi sikuwahi kuwapo pale. Hakusema kwa ubaya. Nikarudi kwenye sketi zangu.

Mwezi wa tano yule mama wa Kirundi alikuja dukani Fordsburg. Alikuwa amesikia nafanya kazi pale. Binti yake alikuwa amepata shule hatimaye, kule chini kabisa ya ramani, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na walikuwa wamemrudisha gredi ya saba kwa sababu ya Kiingereza na miezi aliyopoteza. Miezi hiyo alikuwa akisuka nywele kibarazani pamoja na mama yake. Yule mama alileta sketi ya sare iliyotumika, kubwa kwa binti, nimpunguzie. Aliitandaza mezani na kuniita mama mwalimu, akasema hangeipeleka kwa fundi mwingine.

Nilikuwa nimeinama juu ya meza nikipima upindo, pini mdomoni, binti yangu alipoingia kutoka shule. Alikuwa na sweta lenye nembo. Yule mama aliijua nembo ile. Alikuwa amekwenda kusimama nje ya geti la shule mwezi wa kwanza ili kuiona, alinisimulia mwenyewe wakati ule dirishani. Akamwuliza binti yangu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima anayesalimia mtoto, ameanza lini pale.

Binti yangu anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akajibu, "January." Akaongeza kwamba aliingia akiwa amechelewa, mtu mmoja alihama.

Neno la kwanza lilitosha. Yule mama hakunitazama mara moja. Alitazama sweta, kisha pini mdomoni mwangu, kisha sketi mezani.

"Ni shule nzuri hiyo," akasema.

Nikatoa pini. Nikaanza kusema kitu, sijui nini, na yeye tayari alikuwa anaikunja sketi, pini zangu zikiwa bado ndani yake. Nilimwambia imebaki kidogo tu. Akasema itavaliwa hivyo hivyo. Hakurudi tena, na kibarazani palikuwa na wasusi wengine nilipopata ujasiri wa kupita.

Nilimwambia mume wangu Jumapili moja. Akasema mzazi yeyote angefanya vile, akaomba chumvi. Nilimwambia mama mmoja kanisani kwetu, akasema Mungu ndiye anayegawa nafasi. Nilitamani kumpiga. Mungu hakuwa na penseli wala kalamu siku ile. Nilikuwa nimekaa karibu, niliona ni mkono wa nani ulioandika na ni mkoba wa nani uliofunguka.

Na shule yenyewe, ile ya matofali mekundu, haikuwa vile nilivyoiota. Maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu bomba lilipopasuka. Binti yangu aliitwa kwerekwere mwaka mzima wa kwanza, jina wanalotuita sisi tusioeleweka tukiongea, mpaka akajifunza Kizulu vizuri kiasi kwamba akaanza kuwacheka wenye lafudhi. Nilimsikia siku moja akimcheka msichana wa Kirundi kwenye simu. Hakuwa yule. Nililazimika kutoka chumbani.

Mwaka 2019 alikuwa gredi ya kumi, analalamikia hesabu, anataka kuziacha na kuchukua somo jepesi. Tuligombana mezani. Nilimwambia kuna mtoto ambaye angezipenda hesabu hizo pale pale anapokaa yeye, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamwambia yote: ramani, penseli, simu ya Ijumaa, swali ambalo sikulitafsiri. Aliacha kula. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza alinijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

"Kwa nini umeniambia? Ungebaki nalo wewe."

Alikuwa sawa. Nilikuwa nimechoka kulibeba na nikampa mtoto. Hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu aliniletea fomu ya shule ya kuchagua masomo, akasimama karibu na meza bila kukaa. Hesabu alikuwa ameziacha. Nilitafuta kalamu nikatia saini mahali pa mzazi.