Mchuzi wa Mbwa

Naona haya hata kuandika. Likizo iliyopita nilikwenda Guadeloupe, visiwa vya Karibi, kwao Josiane, mwenzangu wa kazi katika nyumba ya wazee huku ughaibuni, Laeken. Kila mgahawa wa ufukweni uliandika samaki na sauce chien, kuku na sauce chien. Kwa Kifaransa sauce ni mchuzi, na chien si mbwa? Mimi, mtu wa Bukavu, nile mbwa! Wiki nzima nikashindia mkate na ndizi, harufu ya samaki wa kuchoma ikinichanganya kichwa.

Jana Josiane alileta kazini chupa ya mchuzi ule. Maman Béa wa jikoni akachovya mkate. Nikaruka: "Maman, tema! Ni mbwa!"

Josiane akatoa macho. "Ni kitunguu, pilipili na ndimu. Chien ni jina tu."

Maman Béa akameza, akanitazama kwa huruma.

"Donc, sasa kule ulikulaka nini?"