Injini Niliyoifungua Siku Moja Kabla ya Harusi

Mimi si fundi wa kubahatisha. Nilirudi Chanika kutoka Afrika Kusini na stashahada ya ufundi magari, na gari nililolinunua kwa jasho langu. Kwa hiyo lilipoanza kupoteza maji ya kupoozea injini, yale ya kijani ya dukani, sikuuliza mtu. Kila asubuhi nilikuta yamepungua kikombe kizima. Chini hakukuwa na tone, na mipira yote ya kupitishia maji ilikuwa mizima. Nikaongeza, yakapungua tena.

"Gasketi imeungua," nilimwambia dada yangu Zawadi. "Maji yanaingia ndani ya injini."

"Kaka, naolewa kesho Sindeni, na gari la kunipeleka ndilo hilo. Si uwaulize mafundi wa Korogwe kwanza?"

"Waje waniulize wao."

Nikafungua injini. Gasketi ilikuwa nzima kabisa. Nilikuwa bado naikodolea macho baba alipotokea. Zamani aliendesha trekta kwenye shamba la mkonge la Ngombezi.

"Mbona umelipasua, mwanangu?"

Nikamweleza habari ya maji. Akashangaa.

"Hayo nayapunguza mimi kila alfajiri. Si yameoza? Kwenye trekta, maji yakiota ukijani tulikuwa tunayamwaga. Nikaona na wewe unaongeza mapya, nikajua tunasaidiana."

Zawadi, hina ikiwa bado mbichi mikononi, alitutazama sote wawili. Kisha akaniuliza taratibu kama stashahada yangu ina nafasi ya kubeba bibi harusi.